Papa Ngeleka Félicien: Aliyegeuza Reli Aseme

Papa Ngeleka Félicien alizaliwa Mwene-Ditu, Kasai, tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tatu wa marehemu Kalonji, fundi wa reli, na marehemu Mama Ngalula. Alikuwa na miaka minane baba yake alipohamishiwa kituo cha Kindu. Hakuuhama mji huu tena, isipokuwa kwa masomo.

Alisoma shule ya msingi hapa, kisha ufundi kule Kamina, akapata diploma mwaka 1973. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa mgeuza reli, yule anayevuta mtambo ili treni ishike njia yake. Wafanyakazi wa kituo walikuwa na desturi yao: treni ikiacha njia, hakuna kinachosogezwa mpaka aliyegeuza reli asimame kando ya mtambo na kusema mbele ya wote alichofanya. Mwaka 1987 behewa la mafuta ya mawese lilianguka, na wakubwa walikuwa tayari kumfukuza mlinzi. Papa Ngeleka akasimama: "Ni mie njo niligeuza mubaya." Akasimamishwa kazi miezi mitatu. Rafiki yake Ilunga, mwenzake kazini na katika kwaya, alimtania: "Weye Ngeleka, utaingia mbinguni bila kazi, bila hata viatu!" Walicheka wote wawili.

Alifunga ndoa na Mama Emerance tarehe 8 Agosti 1976. Mungu aliwapa watoto watatu: Patou, Douce na Daddy.

Oktoba 2002, mji ukiwa umezingirwa na wapiganaji wa msituni, tena chumvi haipatikani, askari walikuta gunia la chumvi limefichwa katika ghala la kituo. Wakauliza ni nani anayewapelekea wapiganaji hao. Ilunga akamnyooshea Patou kidole mbele ya watu. Kijana alichukuliwa, akauawa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Sisi wa familia mwili hatukupewa. Jumapili iliyofuata wapo waliosema kanisani kwetu: "Mungu ni wa haki, haadhibu mutu bure." Baadhi yao wako hapa leo. Walimsingizia Patou, na wakamsingizia Mungu pia.

Mwaka 2009 Ilunga alikuja na mbuzi, akapitia nyuma ya jikoni, akamweleza Papa Ngeleka aliyoyafanya na kuomba msamaha. Mama Emerance, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, alisikia jibu: "Mutoto wangu ulimutoa mbele ya watu. Sasa musamaha unakuja kuuomba nyuma ya jikoni? Rudisha mbuzi yako." Tangu hapo alituambia jambo moja tu, kwamba chumvi haikuwa ya Patou. Ilikuwa ya nani, alikataa kusema. "Nikisema mie, watasema ni uchungu wa baba. Mwenyewe aseme."

Wazee wa kanisa walimwona mgumu. Walimwambia Mungu ni mwema, mambo yaishe. Alijibu kwamba kwa sababu ni mwema, Mungu hamwachi mwenye kosa aoze ndani ya uongo, wala hamwachi aliyekufa abaki na jina baya. Lakini hakulipiza. Vijana walipokwenda kuchoma nyumba ya Ilunga, Papa Ngeleka aliketi mlangoni pa nyumba hiyo mpaka wakaondoka.

Ugonjwa wa figo ulimshika mwaka 2022. Januari mwaka huu alimwita Ilunga kitandani.

"Siku ya udongo wangu, utasema?"

"Ndugu yangu, niko naogopa hawa vijana."

"Hata mie niliogopa, siku ile ya mafuta."

Papa Ngeleka alifariki asubuhi ya tarehe 6 Februari 2025, Mama Emerance akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Emerance, watoto wawili, Douce na Daddy, wajukuu watano, na jina la Patou, ambalo bado halijasafishwa.

Vijana wa mtaa, jana kwenye matanga mlisema Ilunga akikanyaga makaburini hatatoka. Marehemu amekataa. Atakayemgusa Ilunga leo, amempiga Ngeleka ndani ya sanduku lake.

Mungu ampumzishe kwa amani, yeye na mtoto wake asiye na kaburi.

Amekuja Ilunga. Kwa desturi ya kituo, udongo hautasogezwa kabla ya neno. Ilunga, majembe yamewekwa chini. Tunakusikiliza.