Mshipa Upi? Miaka Thelathini na Sita ya Ma Adventina Masjala

Leo, tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Bi. Adventina Kokugonza anafunga dirisha la masjala ya wagonjwa na kukabidhi funguo. Alilifungua kwa mara ya kwanza tarehe 1 Julai 1989, akiwa binti wa miaka ishirini na minne. Ni miaka thelathini na sita kamili, na kama mnamfahamu basi mnajua kwamba hesabu hiyo ameihakiki mwenyewe.

Kwao ni Ijuganyondo. Alikuja hospitalini kwetu kutafuta nafasi ya uuguzi, si ya ukarani. Siku ya kwanza wodini aliona damu, akaanguka chini kama gunia la kahawa. Wakambeba wakamlaza kwenye benchi lililokuwa karibu, na benchi hilo lilikuwa la masjala. Alipozinduka aliona mafaili yamerundikwa sakafuni ovyo, akaudhika, akaanza kuyapanga. Ndiyo ajira yake ilivyoanza, na hajatoka humo hadi leo.

Mimi ninayeandika, Hussein, nimekaa naye meza moja kwa miaka kumi na tisa. Nilipofika nilidhani kazi ya masjala ni kutafuta faili na kulitoa. Loo! Ma Adventina alikuwa na daftari ambalo hata daktari mkuu alilitia saini kabla ya kuondoka na faili. Mafaili ya wagonjwa wenye miguu dhaifu aliyaweka kwenye rafu iliyo karibu kabisa na dirisha, ili wasisimame muda mrefu wakisubiri. Mgonjwa aliyepitisha miezi miwili bila kuja, faili lake aliligeuza mgongo ndani, na kila Ijumaa aliyapitia yote yaliyogeuzwa akiuliza huyu kapatwa na nini. Hakuna mwongozo uliomwagiza hivyo. Nilipomuuliza aliutoa wapi utaratibu huo, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunika chungu.

Kalamu yake nyekundu mnaijua wote. Ilianza mwaka 1994, na asili yake ni mzee mmoja wa Kimwani aliyeletwa na barua ya zahanati yenye maneno mawili tu: ana mshipa. Sasa, kwa Kiswahili chetu, mshipa ni neno la kubeba kila mzigo. Kuna mshipa wa damu. Kuna mshipa wa fahamu, ule unaopeleka habari kutoka ubongoni hadi kidoleni. Na mtaani ukisema mwanamume ana mshipa, watu wanaelewa ngiri na wanainamisha macho. Mzee wa watu alikuwa na maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, lakini akaelekezwa kwenye foleni ya ngiri, akavishwa gauni la kijani, akalazwa tayari kwa kisu. Ma Adventina, aliyekuwa akilinganisha barua na maelezo ya mgonjwa, alipanda ngazi mbio hadi chumba cha upasuaji na kugonga mlango, yeye na woga wake wote wa damu. Mzee alirudi Kimwani akiwa mzima, ila na hasira. Tangu siku hiyo, karatasi yoyote iliyoandikwa mshipa bila maelezo ilirudishwa na maneno mawili kwa wino mwekundu: Mshipa upi? Madaktari wageni walimwita hivyo kabla hawajajua jina lake.

Nayasema haya kwa sababu jambo ambalo mimi binafsi namheshimu zaidi lilianzia kwenye neno hilohilo, na safari hii aliyekosea ni yeye. Ameniruhusu kulisimulia. Alisema nikiliacha, wasifu huu hautakuwa wake.

Mnakumbuka Kikundi cha Jumamosi. Kilikuwa cha wagonjwa wachache wa MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kula ganda la mishipa ya fahamu, mpaka mtu anashindwa kutembea, kuona vizuri au kushika kijiko. Kwetu ni ugonjwa adimu. Wengi wao walizunguka miaka mingi wakiambiwa wamelogwa, kabla ya kupelekwa Dar es Salaam kupimwa. Walipojuana walianza kukutana kwenye baraza ya masjala, kwa sababu mafaili yao yalikuwa pale dirishani na Ma Adventina alikuwa na chai. Najibu, mmoja wao, mfanyabiashara wa vitambaa pale mjini, alikuwa akishinda kwenye duka la intaneti na kuja na furushi la utafiti alioutoa kwa printa, wote kwa Kiingereza. Ma Adventina alitafsiri. Walisoma pamoja, wakabishana, kila mmoja akaenda nyumbani na nakala yake.

Mwaka 2011 Najibu alikuja na habari iliyowasimamisha wote. Huko ng'ambo kulikuwa na nadharia mpya kwamba MS inatokana na mishipa ya damu ya shingoni. Ikiwa myembamba, damu haishuki vizuri kutoka kichwani, na hilo ndilo linalodhuru mishipa ya fahamu. Kulikuwa na wagonjwa waliokuwa wakisafiri kupanuliwa mishipa hiyo, na baadhi walisema wametembea tena.

Ma Adventina alichukua karatasi hizo nyumbani, akatafsiri jioni moja. Ananiambia alikuwa na furaha mno. Mmoja wa kikundi, mwalimu Annastella wa Ijumbi, alikuwa amekuwa kama mdogo wake wa kuzaliwa, na wiki hiyo alikuwa ameanguka darasani mbele ya wanafunzi. Ma Adventina alitaka nadharia ile iwe kweli. Basi akaandika kwa Kiswahili chepesi, na palipoandikwa mishipa ya damu akaandika mishipa, na palipoandikwa mishipa ya fahamu akaandika mishipa. Sentensi ya mwisho ya karatasi yake ilisomeka hivi: mishipa ikizibuliwa, ugonjwa wa mishipa hupona. Akatoa nakala kumi na mbili, watu wakatia saini kwenye daftari, wakaondoka nazo.

Miezi miwili na kitu baadaye faili la Annastella likageuzwa mgongo. Kabla Ma Adventina hajauliza, Alhamisi moja akafika dirishani Avit, kaka yake Annastella, mtu mpole wa shambani, akiwa na kofia mkononi. Alitaka nakala ya faili la dada yake kwa ajili ya hospitali ya nje. Alieleza kwamba Annastella ameacha dawa na ameacha mazoezi ili asiichoshe miguu, na kwamba Jumamosi ukoo unakaa kuidhinisha kuuza kibanja cha baba yao, shamba la migomba la ukoo, apate kwenda kuzibuliwa mshipa.

Nilikuwepo. Ma Adventina hata hakuinua kichwa. Kalamu ikiwa mkononi, kwa mazoea tu, akamuuliza mshipa upi. Avit akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa shati, akaifungua taratibu, akamjibu kwa heshima zote kwamba ni ule aliouandika yeye Ma.

Sijawahi kumwona mtu akibadilika sura namna ile. Aliisoma karatasi yake mwenyewe mara mbili. Halafu akaniomba nishike dirisha, akaenda kukaa kwenye benchi lilelile la mwaka 1989.

Siku ya Ijumaa alizunguka mji mzima na daftari lake. Kwa kuwa kila nakala ilikuwa na saini, alijua kila moja ilipo. Alizikusanya kumi na moja na kuacha mpya, ambamo kila mshipa ulikuwa na jina lake, na juu kabisa alieleza kwamba utafiti ule ulifanywa kwa watu wachache tu, bila wengine wa kulinganisha nao. Ya kumi na mbili ilikuwa Ijumbi. Jumamosi alfajiri akapanda basi la Muleba kwenda huko.

Yaliyotokea huko nimesimuliwa na Avit. Wazee wa ukoo walikuwa wameshakaa. Mnajua kibanja ni nini kwetu: baba yao amezikwa humo, na babu, na migomba yenyewe ilipandwa na mikono ya hao waliolala chini yake. Ma Adventina alipiga magoti kuwasalimu, kisha akasema mbele ya wote kwamba kosa ni lake, si la Annastella na si la Najibu. Akaeleza kwamba mshipa wa damu ni kama bomba la maji na mshipa wa fahamu ni kama waya wa umeme. Wataalamu wanauliza kama bomba likibana linaharibu waya, na bado hawajapata jibu. Hata likipanuliwa, hakuna aliyeonyesha kwamba waya ulioungua unapona. Hakuwakataza kuuza. Aliwaomba wasubiri utafiti mkubwa zaidi, na alimwomba Annastella arudi kwenye dawa na mazoezi wakati wakisubiri. Annastella alilia kwa hasira, akamwambia kwamba amempa miguu kwa karatasi moja na kumnyang'anya kwa nyingine. Ma Adventina hakujitetea. Alikaa naye hadi jioni, na wazee wakaahirisha.

Najibu naye alisusa. Kwa nusu mwaka alipita mbele ya masjala bila salamu, akisema karani ameogopa madaktari. Kilichomrudisha ni kwamba Ma Adventina hakuacha kutafsiri. Kila utafiti uliotoka kuhusu nadharia ile, uliounga mkono na uliopinga, aliufanyia kazi na kumpelekea dukani nakala yake, na Najibu alilazimika kutia saini. Sharti lilikuwa kila karatasi ijibu mambo manne juu: nani kaandika, wagonjwa wangapi, walilinganishwa na nani, na mshipa upi. Baada ya muda wagonjwa wenyewe wakawa wanaulizana hivyo, na daktari mmoja kijana alikiri kwangu kwamba aliogopa baraza ile kuliko mtihani wake.

Ilichukua miaka kadhaa. Majaribio makubwa yalipotoka, wagonjwa waliopanuliwa mishipa ya damu walilinganishwa na wale waliodhani tu kwamba wamepanuliwa, na hakukuwa na tofauti. Aliyesoma siku hiyo alikuwa Najibu, kwa kuomba mwenyewe. Alimaliza, akakunja karatasi, akasema kwamba anasikitika sana. Annastella alimsogezea kikombe cha chai. Mimi nilitoka nje kidogo, maana machozi yalikuwa karibu.

Katika miaka ya mwisho tuliletewa kompyuta. Tulidhani zitamshinda, kumbe mbishi yule alijifunza kwa vidole viwili na sasa anatushinda sote, ila daftari la saini bado lipo chini ya meza. Kikundi kimehamia kwenye simu, na sanduku la karatasi zote, ile ya makosa ikiwa juu kabisa, leo linakabidhiwa kwa mwenyekiti mpya, mwalimu Annastella. Hakupona. Miguu imepungua nguvu na anatumia kiti cha magurudumu, lakini alifundisha miaka tisa zaidi baada ya Jumamosi ile ya Ijumbi. Amefika tangu asubuhi pamoja na Avit, na kwa taarifa yenu, ndizi mtakazokula mchana huu zimekatwa jana kwenye kibanja cha baba yao.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na wagonjwa ambao mafaili yao hayakuwahi kupotea, tunakushukuru: kasinge waitu, Ma Adventina. Asante kwa chai, kwa ukali, na kwa ile safari ya basi. Nenda Ijuganyondo ukapumzike, migomba yako ikupe mikungu mikubwa, na afya ikae nawe siku nyingi.

Rasimu ya wasifu huu nilimpa aihakiki, kama kila karatasi inayotoka masjala. Mwishoni nilikuwa nimeandika kwamba kuondoka kwake tutakusikia hadi kwenye mishipa. Imerudi jana, na pembeni kuna wino mwekundu, maneno mawili.

Yote, Ma. Ya damu na ya fahamu.

Hussein,
Masjala ya Wagonjwa