Papa Godefroid, Mwalimu wa Gobore, Anapumzika

Baada ya miaka kumi na minne ya kujitolea katika kambi zetu za vijana hapa Texas, kuanzia kaskazini mwa Dallas hadi vitongoji vya Houston, Papa Godefroid Wilondja anastaafu rasmi tarehe 17 Oktoba. Siku hiyo atakabidhi ufunguo wa kabati la baruti, na sisi tutajifanya hatulii.

Kwa wasiomjua, siku za kazi alikuwa akiendesha foklifti katika ghala moja huko Garland. Wikendi alifundisha vijana kulenga shabaha kwa gobore, ile bunduki ya kizamani inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha risasi, halafu unashindilia kwa fimbo. Ukipiga mara moja, unaanza upya. Aliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Alisema kijana mwenye pupa hapo hujifunza subira, atake asitake.

Ustadi huo haukushuka kutoka mbinguni. Msimu wake wa kwanza, mbele ya kambi nzima karibu na Houston, alishindilia risasi kwa madaha, akalenga, akafyatua. Fataki, kile kidude cha kuwashia baruti, ikalia, basi. Alikuwa amesahau baruti! Mpaka leo sisi Wakenya wa Plano tunamwita Papa Bila Baruti, naye hulipiza kwa kusema chai yetu ni maziwa yaliyopakwa rangi.

Kanuni yake kuu ilikuwa moja: yeyote akiona hatari apige kelele "Simama!", na wote wasimame, hata mwalimu. Watoto wetu iliwawia vigumu, maana wamelelewa wasimpazie mkubwa sauti. Walianza na samahani, wakaomba ruhusa ya kusema, na hatari yenyewe ikawa inawasubiri wamalize.

Kisha yakaja yale majira ya joto ambayo akina mama wa kanisa la Garland walitaka kuwatoa watoto wao kambini. Walikimbia mashariki ya Kongo kwa sababu ya bunduki. Hawakuona kwa nini wawape watoto bunduki huku. Mmoja wao, Mama Généreuse, aliwaongoza wenzake kuja kujionea kabla ya kuamua. Tulijua kwamba watoto hao wakiondoka, darasa linafungwa.

Walifika wakati gobore la Papa Godefroid limegoma: fataki imelia, risasi haijatoka. Hapo lazima uendelee kulielekeza kwenye shabaha na kusubiri, kwa sababu linaweza kulipuka wakati wowote. Lakini akina mama walimsalimu kutoka nyuma, na mtu wa adabu zake hampi mgeni mgongo. Akaanza kugeuka, gobore mkononi.

"Papa, simama!"

Alikuwa Kethia, binti wa Généreuse mwenyewe, wa miaka kumi na miwili. Papa akaganda palepale, mtutu ukiwa bado upande wa shabaha. Akasubiri mpaka pakawa salama, akaliweka chini, kisha akamshukuru Kethia mbele ya wote na kukiri kwamba amekosea. Mama yake alikuwa ameshaanza kumkemea kwa utovu wa adabu.

Watoto wakabaki, wote. Tulipomuuliza Généreuse kilichomgeuza moyo, alisema kule alikotoka hakuwahi kumwona mtu mwenye bunduki akisimama kwa sababu mtoto amemwambia.

Asante, Papa Godefroid. Tunakuombea afya, wajukuu watundu na Jumamosi nyingi za kulala mpaka jua lipande.