Mkono Ulioshika Kichwa Changu

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa shirika. Asanteni kwa kunipa nafasi kabla hatujapiga kura. Nitajaribu kusema machache, ingawa mnanijua.

Mnakumbuka siku tulipoanza kujadili kubadilisha sheria za mutuelle, kasha letu la pamoja la matibabu. Kasha lilikuwa limekauka. Mama mmoja wa hapa alikwenda kuzaa akakosa msaada. Mimi nilifika sekondari, najua kupanga maneno. Nikasimama nikasema wenye magonjwa ya kudumu watoke, maana wanakunywa kisima chote na sisi wazima tunabaki na kiu. Nikataja hata jina: Maman Nsimire, jirani yangu, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alikuwa amekaa pale karibu na mlango. Alikaza kitenge chake akatoka akichechemea, kwa sababu sukari imeharibu mguu wake. Nanyi mkanipigia makofi.

Ndugu zangu, usiku ule nililala vizuri. Nilidhani nimesema haki.

Kisha mvua zikaja. Udongo ukashuka ukafunga njia yetu, hata pikipiki haikupita. Ndipo homa ikanishika.

Nitawaambia nilichokiona, ingawa mpaka leo sijui ndoto ilianzia wapi. Nilikuwa ndani ya kipoyi, ile machela ya miti waliyombebea baba yangu kule Mudaka nilipokuwa mtoto. Kilima kilikuwa kinateremka pamoja nami, polepole, kama maji. Chini, ziwa lilikuwa jeupe, na nyumba za mtaa wa Ibanda zilielea juu yake bila kelele. Niliwatazama wabebaji, hawakuwa na nyuso. Nilitaka kuuliza kama ni wazima au wagonjwa, lakini mdomo wangu ulikuwa mzito. Nilijua kitu kimoja tu: mkono uliokuwa chini ya kichwa changu. Kila kipoyi kilipoyumba, mkono ule ulikuwa umeshanikinga. Ulinuka sambaza. Nikafikiri ni wa marehemu mama yangu. Nikalala juu yake kama mtoto.

Niliamka hospitalini. Dawa ilikuwa inadondoka katika mrija, na binti yangu Furaha alikuwa kando ya kitanda.

"Nani alikuwa anashika kichwa yangu?" nikamuuliza.

"Ni Maman Nsimire, papa. Vijana walikubeba mu kiti na kamba. Yeye akakamata kichwa mpaka ku barabara."

"Na ule muguu yake?"

"Tulimuambia abakie. Akasema: 'Huyu muzee kichwa yake iko nzito juu ya maneno mingi, mutaiangusha.'"

Nilicheka, ndugu zangu, kisha kicheko kikageuka machozi. Daktari alinitibu homa. Ugonjwa mwingine, ule wa kuwapima watu kama mizigo, Bwana aliniondolea pale kitandani.

Nilipotoka sikupita nyumbani kwanza. Nilimkuta Maman Nsimire akigeuza sambaza juani. Nikamwomba msamaha.

"Papa," akasema bila kuinua macho, "ulisema niko nakunywa kisima yote. Na maji yangu niliyokuwa naleta kila mwezi, ilienda wapi?"

Kisha akanisogezea kiti.

Sitawadanganya. Kasha bado si zito, na yule mama aliyekosa msaada alilia kwa haki. Sijui hesabu ya kulimaliza swali hili. Labda sisi wenye nguvu tuongeze mchango. Mimi naanza na wangu. Lakini siku ile kilimani hakuna aliyeniuliza nina ugonjwa gani, wala nitaumwa mara ngapi tena. Kwa hiyo, mbele yenu na mbele ya Mungu, naondoa neno langu. Nawaomba msilipigie kura.

Maman Nsimire, nakuona umekaa tena karibu na mlango. Kuja huku mbele, maman. Kiti changu hiki.

Ndugu zangu, mnaoogopa kwamba kasha litakauka tena, mimi pia naogopa. Tumtegemee Bwana pamoja na hofu yetu. Namshukuru, kwa maana nilipokuwa sina hata mdomo wa kumwita, alinitumia mkono, na mkono ule ulinuka sambaza.