Mwalimu Lenah na Kichwa cha Nungunungu

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Mwalimu Lenah Karimi anastaafu baada ya kufundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na mitatu, ishirini na miwili kati yake hapa kwetu Kanyakine. Alianzia Kangeta, akiwa na baiskeli ya kuazima na sauti iliyosikika hadi sokoni.

Kila mwaka alisoma na darasa la sita hadithi ya zamani iitwayo "Nungunungu Mchoyo". Wakati wa njaa, nungunungu anaficha mbegu na kuwanyima wenzake. Mvua inaponyesha, anawagawia wote wapande. Kisha huja swali: je, kichwa cha hadithi kinafaa? Mwanafunzi mmoja wa Kangeta aliwahi kujibu kwamba kinafaa, ila ni kidogo kuliko mwili. Mwalimu alimpa alama moja kwa kuitazama picha ya kitabuni vizuri.

Mwaka 2011 swali hilo lilitokea katika mtihani wa zoni. Mwongozo wa kusahihisha, ambao niliuandika mimi, mwalimu mwenzake, ulisema kinafaa. Halimah, binti wa mwenye bucha hapa mjini, aliandika: "Hakifai. Nungunungu hakuwa mchoyo. Alikuwa anangoja mvua." Mwalimu Lenah akamwekea sufuri. Halimah alipoomba aelezwe kosa lake, akaambiwa aketi, mwongozo ni mwongozo. Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena darasani.

Kimya kile kilimsumbua Mwalimu. Wiki ya pili alimwita mtoto pembeni, akamuuliza kulikoni. Halimah akamweleza kwamba katika ukame wa miaka miwili iliyotangulia, mama yake, Sharifa, alificha debe la njahi, maharagwe meusi ya kwetu, chini ya kitanda. Majirani walimwita mchoyo, hata shangazi zake Halimah waliacha kuwatembelea. Mvua iliponyesha, shamba lote la ukoo lilipandwa mbegu za debe lile. Lakini jina lilibaki.

Jioni hiyo Mwalimu alikwenda kwao nyuma ya bucha, akamwomba mtoto msamaha mbele ya mama yake. Sharifa alimwandalia chai, na walipokuwa wakinywa akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Kisha Mwalimu akaja kwenye kikao chetu cha wasahihishaji na kudai kila jibu lenye sababu lipewe alama. Nilimpinga kwa nguvu. Alinitazama, akasema polepole, "Bwana Mugambi, tuliwauliza wanaonaje. Sasa tunawaadhibu kwa kuona."

Tulimshinda kwa kura, na kwa miaka miwili hakuitwa kusahihisha. Nilipiga kura hiyo mimi pia, na bado inaniuma. Mwaka wa tatu nilienda mwenyewe kumwomba arudi. Alirudi bila kinyongo, na mwongozo tukauandika upya, sisi wawili, siku nzima, kwa viazi vitamu na chai ya rangi.

Jumatatu iliyopita, katika kipindi chake cha mwisho, aliwaambia wanafunzi waipe hadithi ile kichwa wanachokitaka. Ubao ulijaa. Kengele ililia na hakuna aliyetoka.

Sasa anahamia Mitunguu, kwenye migomba yake na mumewe, Mzee Mutegi. Mwalimu, asante kwa watoto wetu, na asante kwa kunivumilia. Afya njema, usingizi mtamu, na asubuhi zisizo na kengele.