Shangazi wa Kichupa cha Pili

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya ini anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Hospitali nzima, kuanzia mganga mkuu hadi mlinzi wa getini, humwita Shangazi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mkuu wa maabara, kazi ya kuandika wasifu wake, labda kwa kuwa hakuna aliyemsumbua kuliko mimi.

Alianzia wodi ya watoto, akapelekwa kliniki ya ini kushikilia nafasi ya mtu kwa muda mfupi, na hakurudi tena. Viatu vyake husikika vikilia kutoka mbali. Tulipovisikia maabara, kila mtu alijifanya ana kazi. Siku moja niliinamia darubini kwa umakini mkubwa wa kitaalamu, mpaka Shangazi mwenyewe akaja akaniwashia taa yake, maana ilikuwa imezimwa.

Tulimkimbia kwa sababu ya kichupa cha pili. Aliwabembeleza madaktari mpaka wakakubali kwamba kila mgonjwa wa homa ya ini B atolewe kichupa cha pili cha damu, cha kupima delta, yaani homa ya ini D. Virusi vya delta havijitegemei. Humshika mwenye B tu, na viwili hivyo vikikutana, ini huharibika upesi. Wagonjwa aliwaeleza kwa lugha ya nyumbani: B ni ng'ombe, delta ni kupe, mchanje mtoto dhidi ya B, kupe akose pa kukaa. Sisi wasomi tulinung'unika kwamba anatumalizia vitendanishi, zile kemikali za kupimia damu. Alitusikiliza vizuri sana, kisha akaleta vichupa vingine.

Sasa kituko chenyewe. Mimi nina B tangu ujana, na nilikuwa nimepima delta kwenye damu za watu wote isipokuwa yangu. Mganga hajigangi, hasa akiwa anaogopa sindano. Nilipoanza kuchoka hovyo, niliulaumu mto wa kulalia, nikanunua mwingine. Shangazi hakubishana na mto. Alinishika mkono kama mtoto mtoro, akanikalisha kwenye kiti cha wagonjwa, nami nikazimia. Nilipozinduka damu ilikuwa imeshatolewa, na mkononi nina plasta ya watoto yenye picha ya sungura.

Delta ilikuwemo. Hapo mzaha uliniisha. Nina mke na watoto, na niliogopa sana kuwaacha. Dawa yenyewe, kwa bahati yangu, ilikuwa sindano ya kila wiki, karibu mwaka mzima. Shangazi alinichoma zote, huku akinisimulia habari za wodi ya watoto, ambako anadai wagonjwa walikuwa jasiri zaidi. Homa za dawa ziliponitetemesha, alimpigia mke wangu simu kuuliza nimekula nini. Sasa wanangu wanamwita shangazi kwelikweli, na mke wangu anamwita wifi. Leo virusi hivyo havionekani kwenye damu yangu, ingawa bado ninapimwa kila baada ya miezi sita.

Kichupa cha pili kimekuwa utaratibu wa kliniki. Maabara hatunung'uniki tena, au tunanung'unika kwa sauti ya chini.

Shangazi, asante. Pumzika, lala mpaka jua lichoke kukusubiri, na Mungu akujalie afya ile uliyotuhangaikia sisi. Kipimo changu ni mwezi ujao. Muuguzi mpya ameshaonyeshwa plasta za sungura zilipo. Nitakwenda mwenyewe, bila kusubiri kusikia viatu.