Mvua Haina Cheo: Kumuaga Profesa Pyo Gil-hwan

Tarehe 28 Februari, Profesa Pyo Gil-hwan wa Idara ya Uhandisi wa Maji anastaafu baada ya kufundisha miaka thelathini na moja katika Chuo cha Ufundi cha Saebyeol, hapa Jinju. Anatuachia maabara moja, mashine ya kahawa inayovuja, na mchezo ambamo mwanzoni hakuna mwanafunzi aliyemshinda.

Alianza kwa chaki kama wengine wote. Wanafunzi walinakili, wakakariri, wakafaulu, kisha wakafika kwenye mtambo wa kusafisha maji wakaogopa kugusa koki. Jambo hilo lilimkosesha raha. Alipokaribia miaka hamsini alijifunza kuandika programu za kompyuta, akatengeneza mchezo uitwao Mji Wenye Kiu: wanafunzi wanalinda maji ya mji kwa simu zao, na mwalimu anakuwa mvua, anayeporomosha tope mtoni.

Mwaka wa kwanza mvua ilishinda kila mara. Profesa aliamini amekosea hesabu, akaipunguza nguvu. Ikashinda. Akaipunguza hadi ikawa manyunyu. Mji bado ukanywa tope. Ndipo siku moja akatangaza kwamba mvua itachezwa na mgeni wa nje aitwaye Figili, naye mwenyewe akaketi mezani akijifanya anasahihisha karatasi. Figili alipigwa vibaya.

“Figili, rudi shambani!” walimzomea. “Jamani, mvua yake ni ya kumwagilia maua!”

Profesa alicheka hadi akamwaga kahawa kwenye karatasi, na darasa zima likaelewa Figili ni nani. Naye akaelewa. Miezi yote ile hawakuwa wakishindwa. Walikuwa wakimheshimu.

Tangu hapo kila mtu darasani hucheza kwa jina la mboga. Mtihani nao ulibadilika: kila mwanafunzi hubuni mchezo mdogo kuhusu hatua moja ya kusafisha maji, na mwenzake akiushinda kwa kubahatisha tu, mbunifu hurudia kazi. Ni sharti gumu kuliko linavyoonekana. Lazima ulijue jambo kiasi cha kujua pia mahali ambapo asiyelijua atakosea.

Miaka sita iliyopita somo hili nusura lifutwe. Wanafunzi walikuwa wamepungua, na wazazi walilalamika kwamba hawalipi ada ili watoto wao wachezee simu. Mkuu wa Chuo wa wakati huo, Dkt. Namgung Cheol, alisema atakuja kucheza mwenyewe, kisha aamue. Jina la mboga alilikataa. Jina lake na cheo chake vikawekwa kwenye skrini kubwa, na Profesa Pyo alijua hatari iliyopo: wakimwachia Mkuu ashinde, ataona mchezo usiofundisha kitu. Aliwaambia jambo moja tu. “Mvua haina cheo.”

Mkuu akawa mvua, akanyesha. Kundi la kwanza likamwachia. La pili likamwachia, tena likampigia makofi. La mwisho liliongozwa na Seol Ha-min, msichana ambaye muhula mzima hakuwahi kuinua mkono. Mawingu yalipotanda tu aliongeza shabu ya kugandisha tope, akaosha machujio mapema, na mji ukanywa maji safi hadi dhoruba ikaisha. Naibu Mkuu, aliyekuja naye, alikohoa.

“We binti, umenifanyia nini?” Mkuu aliuliza.

“Nimekuona unakuja, Mkuu,” alijibu Ha-min, uso umemwiva. “Samahani.”

“Samahani ya nini? Hebu tena!”

Akavua koti. Alicheza hadi chakula chake cha mchana kikapoa, akashindwa kila mara, na somo likabaki. Leo Ha-min ni msimamizi wa zamu kwenye mtambo wa maji wa mji huu. Kila msimu wa mvua, sote tunakunywa kazi yake.

Desemba, katika kipindi chake cha mwisho, Profesa alicheza mvua kwa jina lake halisi. Sisi wenzake tulisimama mlangoni na wasiwasi: siku ya kuagana, nani angekuwa na moyo wa kumshinda? Walimpiga raundi zote.

“Profesa, nenda kapumzike sasa!” mmoja alipaza sauti, na maabara ikaangua kicheko. Yeye akasimama, akawainamia, muda mrefu kuliko desturi.

Asante, Profesa, kwa kutufundisha heshima ya namna hiyo. Tunakutakia afya njema, bustani yenye figili nono, na mvua za kiasi. Kila Alhamisi maabara iko wazi. Karibu ucheze, hatutakuonea huruma.