Miezi ya Kasuku Ukutani

MCHORAJI: Haloo? Ni nani?

MWALIMU: Mimi.

MCHORAJI: Mimi nani? Kama ni bango la saluni limeshakauka, njoo uli—

MWALIMU: Baba Kasuku, ni mimi.

MCHORAJI: Ah. Mama Kasuku. Hujambo?

MWALIMU: Sijambo. Kifua chako?

MCHORAJI: Tunasukumana nacho. Tangu tuachane hujanipigia hata siku moja. Kuna msiba?

MWALIMU: Msiba gani tena, si ulishatupata? Sikiliza, salio langu dogo. Ni ule ukuta wa darasa la tano.

MCHORAJI: Umefanya nini?

MWALIMU: Mwalimu mkuu anataka upakwe upya. Jumatatu fundi anakuja na rola. Vitabu vimebadilika, ile sayari ya Mshtarii tuliyoichora pale imepitwa na wakati.

MCHORAJI: Sayari inapitwaje na wakati? Kwani ni gauni?

MWALIMU: Vyombo vya anga vimefika huko, vimepiga picha. Kuna mwezi unatapika moto. Mwingine ni barafu tupu, na chini ya barafu wanasema kuna bahari. Sayari yenyewe kumbe ina pete, nyembamba hivi. Sisi hatukuchora hata—

MCHORAJI: Hafuti mtu! Mwambie huyo mkuu wako, ukuta ule hafuti mtu!

MWALIMU: Usinipigie kelele.

MCHORAJI: Alama za mwanangu zile! Kila mwezi wa sayari ile ni dole gumba lake, alilichovya kwenye rangi, akagandamiza mwenyewe. Nimebaki na nini kingine? Kaburi?

MWALIMU: Na mimi je? Wewe uko mbali huko na makopo yako. Mimi naingia mle kila asubuhi. Naandika tarehe ubaoni, nikigeuka namwona. Kila nikigeuka namwona, Baba Kasuku!

MCHORAJI: [kopo linaanguka]

MWALIMU: Haloo? Upo?

MCHORAJI: Nipo. Kwa hiyo na wewe unataka ufutwe.

MWALIMU: Sijui ninachotaka. Sitaki tu aufute mtu baki. Bora uje wewe.

MCHORAJI: Siwezi.

MWALIMU: Mkono bado unaku—

MCHORAJI: Mkono mzima. Hicho kitabu kipya... miezi kinasema mingapi?

MWALIMU: Zaidi ya tisini.

MCHORAJI: Mingapi?!

MWALIMU: Tisini na kitu. Na bado wanahesabu.

MCHORAJI: Mungu wangu. [mtandao unakwaruza] ...alikuwa sahihi...

MWALIMU: Unakatika! Nani?

MCHORAJI: Mtoto! Kitabu changu kilisema kumi na sita. Yeye akabandika wa kumi na saba. Nikamwambia futa. Akasema, "Baba, kama chombo hakijafika huko nyuma, umejuaje kama haupo?" Nikamfokea. Nikampa kitambaa na mafuta ya taa, afute mwenyewe, mbele ya wenzake.

MWALIMU: Najua.

MCHORAJI: Unajuaje? Sijamwambia mtu.

MWALIMU: Aliniambia mwenyewe, homa ikiwa imeshampata. Alisema, "Mama, nililia, ila usimwambie baba, atajisikia vibaya."

MCHORAJI: [anaanza kulia]

MWALIMU: Baba Kasuku?

MCHORAJI: Nilitaka kumwomba radhi. Nikajisemea, ngoja kwanza apone. Ngoja apone!

MWALIMU: Jamani, usilie hivyo. Niko nje ya ofisi ya walimu, wananitazama—

MCHORAJI: Fundi anakuja saa ngapi?

MWALIMU: Saa mbili asubuhi.

MCHORAJI: Basi mimi nakuja Jumapili. Nitapaka mwenyewe, huo wa moto, huo wa barafu, na pete yao. Lakini nitaanza na ule wake. Doa lilibaki, pale juu karibu na dirisha. Nitaurudisha palepale alipouweka.

MWALIMU: Baba Kasuku...

MCHORAJI: Usiruhusu mtu aguse pale. Umenisikia? Pale nitapajua kwa lile doa.

MWALIMU: Doa halipo.

MCHORAJI: Halipo vipi?

MWALIMU: Nililisugua mimi. Mwezi uliopita, watoto walipotoka. Kila nikilitazama nilikuwa namwona analia na kitambaa mkononi. Nilisugua mpaka chokaa ikabanduka, sasa hata mimi sijui lilikuwa wapi. Nisamehe, baba wee, nisame—

MCHORAJI: Haloo? Mama Kasuku? Haloo? Sijakasirika! Unanisikia? Sijakasirika... Haloo?